Masaa Ishirini na Manne

Jumatatu, 16 Septemba 2024
Kavu, upepo kidogo. Bwawa la Njiro. Majini dakika 50.

Leo Mwalimu Loishiye ametugawia madaftari ya kuandikia mizamo: tarehe, kina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, hewa iliyobaki kwenye mtungi. Atakuwa anayasoma kila Ijumaa. Hili nimelinunua mwenyewe Kaloleni, na hili halisomwi na mtu.

Nianze kwa mpangilio. Naitwa Tekla, miaka ishirini na sita, kidato cha nne, daraja la pili. Kwetu ni juu kwenye mteremko wa Meru, penye kahawa na migomba. Hapa mjini nimepanga chumba Kaloleni. Kwa miaka minne nimekuwa mwokoaji kwenye bwawa hili hili la hoteli, yaani nimekaa kwenye kiti kirefu nikitazama watoto wa Njiro wasizame. Mwaka jana Mwalimu, mwanamaji mstaafu wa jeshi, akafungua hapa shule ya uzamiaji. Watu walicheka: Arusha na kuzamia wapi na wapi. Lakini watalii wengi wakitoka mbugani wanakwenda pwani, na wanapenda wafundishwe kwanza hapa, kwenye maji tulivu, ili wakifika baharini wamalizie tu. Sasa shule inahitaji mkufunzi wa pili. Tunaosomea tuko wawili. Mapema Desemba mmoja atapelekwa pwani kwenye mtihani wa ukufunzi. Mmoja. Mwalimu amelisema mara mbili.

Mwingine ni Silantoi. Ana miaka ishirini na mitatu, kwao ni magharibi ya mlima, njia ya Monduli. Anaishi Themi kwa shangazi yake. Shule aliishia kidato cha pili. Kazi yake ni upagazi, anabeba mizigo ya wageni wanaopanda Meru. Kuogelea alijifunzia kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe.

Leo tumekaa chini dakika zile zile. Mtungi wake umebaki na zaidi ya nusu, wangu robo. Mwalimu ameziangalia geji zote mbili na hakusema kitu. Afadhali angesema.

Jumanne, 17 Septemba
Robo tena.

Alhamisi, 19 Septemba
Robo. Mwalimu amesema sasa. "Tekla, unavuta hewa kama mtu anayekimbizwa na nyati." Silantoi alicheka, akaniomba radhi, akacheka tena.

Jumamosi, 28 Septemba
Kavu. Ziwani. Mizamo miwili, mita 18 na mita 14. Kutoka majini saa 9:10 alasiri.

Ziwa liko ndani ya shamba la kahawa, juu ya Usa River. Ni shimo la volkano ya zamani na maji yake ni ya kijani. Mwenye shamba anaturuhusu Ijumaa hadi Jumapili.

Kwenye mlango wa gari la shule Mwalimu amebandika jedwali alilolifunika kwa nailoni. Mtu akizama, gesi inaingia kwenye damu. Akipanda mahali pa juu kabla haijatoka taratibu, inatoka kwa viputo, kama soda iliyofunguliwa ghafla, kwenye maungio na kwenye uti wa mgongo. Wazamiaji wa pwani wakitoka majini wanarudi nyumbani usawa ule ule, hawana shida. Sisi tukitoka majini, kwetu kuko mawinguni. Kwa hiyo jedwali lina mistari mitatu. Mzamo mmoja, subiri masaa kumi na mawili ndipo upande. Mizamo miwili au zaidi siku moja, kumi na manane. Mizamo ya siku mbili mfululizo, ishirini na manne.

Kushika saa ni kazi yangu. Mwalimu akiita, kijeshi, "Saa?", mimi najibu saa na dakika, na ninalolitamka ndilo linalofuatwa. Silantoi kazi hii haiwezi. Ng'ombe mia wakipita mbele yake atakuambia yupi hayupo, lakini jedwali linamchanganya. Anasema mistari inatembea. Kila tukitoka majini ananiuliza, "Dada Tekla, hesabu yangu?" Nami namwambia.

Nakiri kwamba napenda akiniuliza.

Jumapili, 29 Septemba
Kavu, baridi asubuhi.

Mama alitaka nipande kuwahi ibada ya kwanza, kisha tuchume kahawa. Silantoi akaomba kunisindikiza, hajawahi kuchuma kahawa maishani. Nikapiga hesabu: saa tisa na dakika kumi jana, ongeza masaa kumi na manane, inakuja saa tatu na dakika kumi leo. Tukakaa mgahawani Usa River tukinywa chai mbili mbili hadi saa tatu na dakika kumi kamili. Alisema kwa utani kwamba mimi ndiye mchungaji na yeye ndiye ndama.

Ibada ya kwanza tuliikosa. Mama alinuna, akaniuliza ni maji gani hayo yanayomzuia mtu kwenda kanisani. Kisha Silantoi akamwamkia shikamoo, akachukua kikapu, akaingia kwenye mibuni bila kuambiwa. Alikuwa anavunja vitawi vizima na Mama hakumgombeza. Mimi nikivunja kitawi hadi leo nagombezwa. Jioni alifungiwa ndizi mbivu na parachichi sita, na Mama akamwambia hapa ni kwake. Mimi nilifungiwa ndizi.

Jumatano, 9 Oktoba
Mawingu bila mvua. Bwawani.

Leo kulikuwa na zoezi la kufundisha. Mwanafunzi wetu wa majaribio ni Bwana Prosper, mtumishi wa serikali wa hapa Njiro, mnene, mcheshi nchi kavu, lakini mwoga wa maji. Kila mmoja wetu alipewa nusu saa amfundishe kutoa maji kwenye miwani akiwa chini.

Nilianza mimi. Nilikuwa nimeandaa hatua saba. Nilimweleza moja moja na akazirudia zote bila kosa. Tulishuka mita mbili. Nilimwonyesha ishara, akafungua miwani, maji yakaingia, akatoa macho, akapanda juu kama kizibo. Nilimrudisha, nikamweleza upya pale alipokosea. Akapanda tena. Mara ya tatu alikataa kushuka, akaniambia kwa adabu kwamba amechoka.

Kisha Silantoi. Hakumweleza chochote. Walishuka, wakapiga magoti chini, akamshika mkono. Basi. Niliwatazama kutoka juu dakika tisa kwa saa yangu. Tisa, hawafanyi kitu. Viputo vya Prosper vilikuwa vinatoka kwa fujo, kisha vikapungua, kisha vikawa vinapishana na vya Silantoi kama watu wanaotembea pamoja. Ndipo akamgusa miwani. Prosper akaifungua, ikajaa, akapuliza, ikawa safi. Alirudia mara nne. Alipotoka alikuwa anacheka kama mtoto aliyepewa kipaimara.

Mwalimu alimuuliza amefanyaje. Akasema kwao ndama akiogopa kuingia kwenye josho, ukimvuta atavunjika mguu. Unasimama naye pale pale hadi pumzi yake irudi. Akirudi kwenye pumzi yake, anaingia mwenyewe.

Mwalimu aliandika jambo kwenye karatasi yake. Aliandika kwa muda mrefu.

Usiku huu nimezisoma tena hatua zangu saba. Zote ni sahihi.

Ijumaa, 18 Oktoba
Mvua ya kwanza. Matone makubwa, nusu saa.

Mwalimu na Silantoi wakiwa wanaosha mitungi huongea Kimaasai. Mimi Mmeru sielewi. Leo Mwalimu alisema jambo huku akinielekeza kidevu, Silantoi akanitazama, wakacheka. Nilikuwa nafunga mikanda ya vyuma vya kumzamisha mzamiaji, nikaendelea kufunga.

Ninaanza kuona kwamba wao ni watu wa boma moja na mimi ni mgeni aliyekuja na saa.

Jumamosi, 26 Oktoba
Mvua. Ziwa limekuwa kama chai ya maziwa. Hatukuzama.

Jumamosi, 2 Novemba
Mvua asubuhi. Mtihani wa maandishi: mimi 96, yeye 51. Nilikuwa na furaha hadi saa kumi jioni, ndipo nikakumbuka kwamba Prosper hakufundishwa kwa maandishi.

Jumamosi, 9 Novemba
Kavu siku mbili, ziwa limesafika. Jana mizamo miwili. Leo mitatu, wa mwisho mita 22. Kutoka majini saa 10:40 jioni.

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Baada ya mzamo wa mwisho Mwalimu alituketisha kwenye nyasi tukiwa bado tumelowa. Alisema ametupima miezi miwili na leo ameamua. Anayekwenda pwani tarehe pili Desemba ni Silantoi. Alisema mimi ni hodari, ni mwangalifu, na kwamba bila mimi shule ingekuwa na ajali tayari. Lakini anayetaka kujifunza maji anahitaji kwanza mtu wa kumtuliza, na hilo halisomwi kwenye kitabu. Kisha akaongeza, "Wewe Tekla ni wa akiba. Akishindwa kwenda kwa sababu yoyote, utakwenda wewe."

Nilisema asante. Nilimpongeza Silantoi, nikamkumbatia. Nywele zake zilikuwa zinanuka ziwa.

Mwalimu akatangulia kupeleka gari karibu na mitungi. Tulibaki wawili tukisuuza jaketi za kuzamia. Simu ya Silantoi ikaita: Lemburis, kiongozi wake wa wapagazi. Mpagazi mmoja ameugua, kesho saa tatu asubuhi wanaanza kupanda Meru na wageni, siku nne, anaweza kuziba pengo? Silantoi akafunika simu kwa kiganja. Nayakumbuka maneno yake yote.

"Dada Tekla, hesabu yangu? Ni yale masaa kumi na mawili, siyo?"

Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Jana mizamo miwili, leo mitatu. Mstari wa tatu, masaa ishirini na manne, yaani asipande kabla ya kesho saa kumi na dakika arobaini jioni. Hesabu hii sikuhitaji hata kuipiga. Mpaka hiyo saa tatu yao ya asubuhi ni masaa kumi na sita na dakika ishirini. Na siyo kupanda kwa Mama tu, ni kupanda hadi kibanda cha Miriakamba, zaidi ya kilometa moja juu ya ziwa, na mzigo mgongoni.

Nilisema, "Ndiyo. Kumi na mawili."

Hakutazama daftari. Akamwambia Lemburis anakuja.

Jumapili, 10 Novemba
Mvua. Mlima hauonekani.

Saa tatu asubuhi nilikuwa kanisani Kaloleni. Nimejiambia jedwali la Mwalimu limewekwa kwa tahadhari kubwa, na wengi huvuka bila kupata kitu. Ni kweli, wengi huvuka.

Jumatatu, 11 Novemba
Mvua. Mlima hauonekani.

Niliishika simu mara tatu. Huko juu mtandao haupatikani vizuri. Sikupiga hata mara moja, kwa hiyo sijui kama ungepatikana.

Jumanne, 12 Novemba
Mvua. Mlima hauonekani.

Jumatano, 13 Novemba
Mawingu yamefunguka saa nne asubuhi. Mlima ulikuwa mweupe kileleni kwa barafu ya usiku. Wanashuka leo.

Alhamisi, 14 Novemba
Kavu. Bwawani.

Silantoi amekuja kutusaidia kupanga vifaa, leo hakuzama. Ameshika ndoo kwa mkono wa kulia muda wote. Nikamuuliza mkono wa kushoto una nini. Alicheka. Alisema siku ya kwanza, kabla hata ya kufika Miriakamba, bega lilianza kuuma ndani kabisa, kama jino, na usiku likawaka. Vidole vikafa ganzi. Lemburis alimwambia ni kamba za mzigo, akampunguzia kilo tano, wakasonga. Waliposhuka likapoa. Vidole viwili tu bado vimelala.

"Nimezeeka, dada," alisema. "Wewe utanibebea mapezi huko pwani."

Nilijua palepale. Kuuma kama jino, kuanza ukipanda, kupoa ukishuka: yamo kwenye kitabu ukurasa wa 112, na ukurasa huo nilijibu sawa kwenye mtihani. Jumamosi tunarudi ziwani, mita 22. Mwenye viputo mwilini akizama tena anaweza kutoka majini hatembei.

Sikusema.

Ijumaa, 15 Novemba
Mvua jioni. Nimelala saa mbili, nimeamka saa nane, sijalala tena.

Niliweka mambo kwa mpangilio. Nikinyamaza, kesho anazama. Nikimwambia Mwalimu kuhusu bega, hatazama kesho wala Desemba, na ninayekwenda ni mimi. Yaani jambo jema na jambo ninalolitaka yamekuwa jambo moja. Ningefurahi kama yangekuwa mawili, ningejua nafanya lipi.

Jumamosi, 16 Novemba
Mawingu. Ziwani. Hakuna aliyezama.

Nilimwambia Mwalimu alipokuwa anafungua mlango wa gari. Nilimweleza bega, vidole, lilipoanza, lilipopoa. Sikumweleza kingine.

Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile. Alimlaza Silantoi kwenye nyasi, akamwekea oksijeni ya dharura, akampigia daktari wa wazamiaji huko pwani. Daktari akasema aletwe kwa gari leo leo, asipande ndege kwa vyovyote, ataingizwa kwenye chumba cha shinikizo la hewa ili viputo viyeyuke. Wakati tunamwandaa kwa safari Mwalimu alimuuliza kwa ukali kwa nini alipanda mlima, ni nani alimpa ruhusa.

Silantoi alitoa kipumulio mdomoni. "Nilisoma mstari usio wangu, Mwalimu. Nisamehe."

Hakunitazama aliposema.

Mwalimu aliondoka naye mwenyewe. Kabla ya kuwasha gari alinishika bega, akaniambia nimeokoa mguu wa mtu, labda uhai. Akasema nijiandae kwa tarehe pili.

Nilirudi na mitungi kwa gari la mwenye shamba. Niliihesabu, ilikuwa yote.

Jumatatu, 18 Novemba
Mvua. Bwawani, dakika 40. Mtungi umebaki robo.

Jumatano, 20 Novemba
Mvua. Mama amepiga simu, amesikia nimechaguliwa. Ameshukuru Mungu, kisha akauliza hali ya Silantoi, na akauliza habari zake kwa muda mrefu kuliko zangu. Kawaida ningeandika hapa jinsi nilivyoumia. Leo nimeandika tu kwamba aliuliza.

Jumapili, 24 Novemba
Kavu.

Silantoi amerudi. Ameingizwa kwenye chumba cha shinikizo mara tatu. Bega limepona. Vidole viwili vya kushoto, cha mwisho na kinachokifuata, havisikii moto wala baridi. Daktari amesema vinaweza kurudi, vinaweza visirudi. Asizame miezi mitatu, kisha apimwe.

Nilikwenda kumwona Themi, nikampelekea parachichi za Mama. Shangazi yake aliniita binti mwenye akili, akanipa maziwa. Silantoi alinionyesha alivyoshika kikombe cha chai ya moto kwa vile vidole viwili tu, kama mchezo. Mimi sikuweza kutazama. Nikamuuliza, kwa sababu lilikuwa linanikaba, siku ile Mwalimu na yeye walikuwa wanacheka nini kuhusu mimi kwa Kimaasai.

Aliweka kikombe chini. "Ile siku ya mikanda? Alisema wewe ukifa utamuuliza malaika saa. Nikamwambia acha, huyo ndiye anayetufanya tutoke majini tukiwa hai."

Alhamisi, 28 Novemba
Mvua. Nimefunga begi. Nimelifungua. Nimelifunga.

Jumamosi, 30 Novemba
Kavu. Bwawani. Sikuzama.

Silantoi alikuja kunisaidia kukagua vifaa vya safari. Tulikuwa chumba cha vifaa, yeye anasoma orodha na mimi naweka alama. Bila kuinua macho akasema kuna jambo anataka nilijue kabla sijaondoka ili nisiende nalo moyoni. Siku ile ya ziwani aliponifichia kosa kwa Mwalimu, alifanya hivyo kwa kuwa alijua nilikosea kwa kuchoka. Tulikuwa tumezama mara tano siku mbili. Akasema, "Wewe hukosei. Mara moja tu umekosea, nikaona aibu kukusemea."

Nilikuwa nimeshika kipumulio. Nilikiweka mezani.

"Sikukosea," nilisema.

Alidhani hakusikia. Nikamwambia tena, na nikamweleza. Kwamba daftari lilikuwa wazi mkononi mwangu. Kwamba niliujua mstari. Kwamba Mwalimu alikuwa ametoka kumtaja yeye, dakika ishirini kabla. Kwamba sikumtakia kifo, nilitaka tu asiwe yeye. Nilieleza kwa mpangilio, na nilivyozidi kueleza ndivyo uso wake ulivyozidi kufungwa.

Kisha akaniuliza swali moja. "Na Alhamisi, nilipokuonyesha mkono. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukalala siku mbili."

"Sikulala," nilisema, na nikaona ni jibu la kipuuzi.

Alitoka nje. Nilimwona dirishani amekaa ukingoni mwa bwawa, mkono wa kushoto ameutumbukiza majini, kisha wa kulia, kisha wa kushoto.

Nilikwenda mwenyewe kwa Mwalimu ofisini, nikamwambia yote mara ya pili. Alinisikiliza amesimama. Alipomaliza kunisikiliza aliuliza, "Saa ngapi?", nikadhani anataka kujua saa ya sasa. Alitaka ile saa. Nikamwambia: saa kumi na dakika arobaini jioni. Akasema kwa mwaka huu hakuna anayekwenda pwani. Akaninyang'anya daftari la mizamo na saa ya shule. Kwenye mafunzo nimetoka. Kazi ya bwawa ni ya hoteli na si yake, kwa hiyo hawezi kunifukuza, na alisema hilo kama mtu anayejuta.

Jumatatu, 2 Desemba
Mvua. Kwenye kiti kirefu. Watoto kumi na mmoja, wote wametoka.

Jumatano, 4 Desemba
Mvua. Silantoi anafundisha wanaoanza, nchi kavu tu. Hanisalimii. Wanafunzi wake wanacheka sana.

Nilidhani wivu ungeisha nikishasema. Haujaisha. Umebadilika tu mahali pa kukaa. Zamani niliwaonea wivu waliomsifu, sasa nawaonea wivu anaowasalimia.

Jumatatu, 9 Desemba
Sikukuu ya Uhuru. Bwawa limejaa. Watoto thelathini na wanne, wote wametoka.

Jumanne, 17 Desemba
Mvua asubuhi, kavu baada ya saa sita. Bwawani hakuna mtu.

Saa nane mchana nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Silantoi alikuja, akasimama chini yangu. Alikuwa amebeba jedwali la Mwalimu, amelibandua kwenye gari na nailoni yake.

"Shuka," alisema. Hakusema dada.

Nilishuka. Tukakaa kwenye saruji, jedwali katikati yetu. Akaniambia Mwalimu amesema Machi, akipimwa na kuruhusiwa, atakwenda pwani, lakini mtihani una karatasi ya hesabu na amepata 51. Mwalimu anaeleza haraka, kijeshi. Shangazi yake hajui. Kitabu kinatembea.

"Nifundishe kulisoma," alisema. "Nisije nikamuuliza mtu tena."

Nilielewa alichokiomba. Hakuomba tupatane. Na nilielewa kwamba hili ndilo lilikuwa langu peke yangu, kila kitu kingine alikuwa nacho tayari. Nikimfundisha, sitabakiwa na kitu ambacho yeye hana.

Nilifungua mdomo nianze hatua ya kwanza. Zilikuwa tano, zilikuja zenyewe. Kisha nikaona mistari imeanza kumtembea, macho yake yanakimbia juu na chini, pumzi iko juu kifuani. Nikafunga mdomo. Nilikaa. Sikumshika mkono, nisingethubutu. Nilikaa tu karibu naye nikitazama maji, sikutazama saa, kwa sababu sikuwa nayo. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Nikasikia pumzi yake imeshuka.

Akauliza mwenyewe: huu wa juu ni wa nini? Nikajibu. Na huu? Nikajibu. Kila nilipojibu alisoma maandishi kwa sauti kuhakikisha kwamba sikumdanganya, na mimi nikamsubiri ahakikishe. Tulikwenda hivyo hadi watoto wakaanza kuja.

Mwishoni nilimpa hesabu moja. Mizamo miwili siku ya kwanza, mitatu siku ya pili, kutoka majini saa kumi na dakika arobaini jioni. Anataka kupanda mlima. Lini?

Aliniangalia, kisha akaangalia chini. Aliupitisha mkono wa kushoto juu ya nailoni kutafuta mstari, vidole vikateleza kwa kuwa havisikii. Akabadilisha, akatumia wa kulia. Akapita mstari wa kwanza. Akapita wa pili. Akasimama.

"Kesho yake," alisema. "Saa kumi na dakika arobaini. Jioni."

"Sahihi," nilisema.

Alisoma mstari mara moja zaidi, ndipo akaamini.